Msaidizi wa Afya Si Nusu Daktari

Msaidizi wa afya, midomoni mwa watu wengi wa Isangi na Kisangani, ni daktari aliyeishia njiani. Mzazi mwenye uwezo huwaza kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Kisangani. Institut Technique Médical, ile ITM, huachiwa mtoto anayedhaniwa kuwa na kichwa kizito. Dhana hiyo ni ya uongo, na historia ya mto Kongo inaikana.

Mwaka 1920 daktari Clement Chesterman alifika Yakusu, kituo cha misheni ya Wabatisti wa Uingereza karibu na Kisangani, akakuta malale yakiteketeza vijiji vya mtoni. Peke yake asingewafikia watu wote hao. Akawafundisha vijana wa hapohapo kutumia hadubini, kuwatambua wagonjwa na kupiga sindano, kisha wakagawanywa katika zahanati za kandokando ya mto. Malale yakapungua sana, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilipita mikononi mwa wasaidizi.

Dharau basi ilitoka wapi? Kwa sehemu, ukoloni ndio ulioizaa. Wabelgiji walimruhusu Mkongo awe muuguzi au msaidizi wa daktari, wakamfungia mlango uliofuata. Uhuru ulipopatikana mwaka 1960, Kongo haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja. Makumi ya wasaidizi wakapelekwa Ufaransa, na baada ya miaka michache wakarudi wakiwa madaktari kamili. Walichokuwa wamenyimwa ni ruhusa, si akili. Ajabu ni kuona kipimo cha mkoloni bado kinatumika, tena na wajukuu wa waliopimwa nacho.

Masomo yenyewe nayo si udaktari uliopunguzwa. ITM ni miaka minne ya sekondari, na humtoa muuguzi wa ngazi ya A2. Anayetaka ngazi ya juu zaidi, A1, huendelea ISTM, taasisi ya elimu ya juu ya ufundi wa tiba. Chini yao yupo relé, mhudumu wa afya wa jamii, ambaye huchaguliwa na kijiji chake na kufunzwa kwa muda mfupi tu. Kazi yake huonekana nyepesi mpaka itazamwe kwa karibu. Mtoto anayekohoa hupandishwa shati, kifua kikaangaliwa kikipanda na kushuka, pumzi zikahesabiwa dakika nzima. Akilia, hesabu huanza upya. Pumzi 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Kifua kikibonyea anapovuta pumzi, ni safari ya kituo cha afya bila kungoja. Isangi, pale Lomami inapoingia mto Kongo, iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Kisangani. Aliyekosea hesabu kijijini hana daktari wa kumsahihisha jioni ile.

Wapo kweli wanaovaa koti jeupe bila kusoma, wakipiga sindano kwa kila homa, na madhara yao yanajulikana. Hao ni sababu ya kuibana mitihani ya ITM na kuongeza mazoezi vijijini. Kumdharau aliyesoma hakumzuii tapeli hata mmoja.

Penye haki ya kulalamika ni kwenye malipo. Relé hujitolea. Wauguzi wengi wa vijijini hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali, huishi kwa ada za wagonjwa, na ada hizo humfanya mama achelewe kumleta mtoto. Mwanafunzi wa ITM huyaona hayo tangu wakati wa mazoezi, kabla hajapata diploma.