Tango, mumunye na vijiko vya mafuta



Katika kikao cha kamati ya msikiti wetu hapa Kahama cha kuandaa futari ya pamoja, nilipendekeza kreti za soda zipunguzwe na fedha yake inunue matikiti maji na matango. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema wageni watadhani msikiti umefilisika. Niliyaandika maneno yake kwenye muhtasari, kama ulivyo wajibu wa katibu. Lakini ninalo pia daftari la michango ya wagonjwa, na humo majina ya wenye kisukari na shinikizo la damu yanazidi kuongezeka. Baadhi yao ni rika langu, hawajafika miaka 40.

Chupa ya soda ya mililita 350 ina kalori zipatazo 150, zote za sukari. Gramu 100 za tikiti maji zina kalori 30 hivi, nyanya 18, tango 15, mchicha 23. Papai lina 43, chungwa 47, nanasi 50, embe 60. Ndizi mbivu hukaribia 90 na parachichi 160. Ni vyakula vyema, ila anayepunguza uzito asivile bila kipimo. Tende kavu hufika 280. Tatu zatosha kufuturia. Sahani nzima ni habari nyingine.

Wala hili si jambo geni katika dini yetu. Abdullah bin Ja'far (RA) amepokea kwamba alimwona Mtume (SAW) akila matango pamoja na tende mbichi. Bibi Aisha (RA) amesimulia juu ya tikiti na tende, ubaridi wa moja ukivunja joto la nyingine. Naye Anas bin Malik (RA) amesimulia mwaliko wa mshonaji nguo, ambapo Mtume (SAW) alikuwa akiyafuata mumunye pembezoni mwa sahani, na tangu siku hiyo Anas akayapenda. Sisi twayapita mumunye sokoni tukiikimbilia nyama.

Linalonisumbua zaidi limo jikoni. Mchicha huingia sufuriani ukiwa mwepesi na kutoka ukiwa mzito. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Kilo nzima ya mchicha ina 230; ukimimina vijiko vinne umeongeza 480, yaani mafuta yameishinda mboga mara mbili. Kisha twashangaa kwamba mgonjwa amekula mboga mwezi mzima na uzito haukushuka! Bibi zetu wa Kisukuma walipika mlenda kwa maji na magadi kidogo, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, wakaiunga kwa karanga. (Mwenye shinikizo la damu ayapunguze magadi, kama apunguzavyo chumvi.) Sisemi mafuta yaondolewe kabisa, kwani vitamini A iliyomo katika mboga za majani huhitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee. Kijiko kimoja au viwili kwa sufuria ya familia vyatosha.

Ushauri huu si wa kila mtu. Kijana anayeshuka duarani tangu alfajiri anahitaji ugali wake kamili. Mtoto aliyekonda aongezewe karanga kwenye uji, asipewe tango kwa kuwa baba yake ana kitambi. Mwenye kisukari anayetumia dawa asibadili mlo wala asifunge kabla ya kuonana na daktari. Na sisi wa ukanda huu wa dhahabu, kuanzia hapa hadi Geita, tuulize mboga imelimwa wapi; iliyomwagiliwa maji ya kuoshea mchanga wa dhahabu ni ya kuepukwa, maana zebaki iliyoingia ndani ya jani haitoki kwa kuoshwa.

Kikao kilikubaliana kreti zipungue kutoka kumi hadi nne, na akina mama wa jikoni wapewe kijiko cha kupimia mafuta. Yule mzee hakupinga tena. Aliomba jambo moja tu, nalo nimeliandika: matikiti yakatwe karibu na adhana ya Magharibi, si mchana, kwa sababu ya nzi.