Zeze Haliuawi na Nyuzi

Mwandishi mmoja amedai kuwa mafundi wa ala wa Bagamoyo wanaharibu asili kwa kuongeza nyuzi na kutumia chuma. Asili ipi hiyo? Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, alipiga zeze lenye nyuzi nyingi kuliko lile la wazee wake, na hakuna aliyethubutu kumwita mharibifu. Ndimi za ilimba, ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba, nazo ni za chuma, lakini utando wa buibui unaobandikwa kwenye tundu zake ndio unaoleta ule mvumo. Fundi hodari anajua kipi kibaki na kipi kibadilike. Anayeipenda asili kweli aache kuhesabu nyuzi, amlipe fundi anayeendelea kuchonga.