Rangi Haizimi Moshi

Msomaji, ukiambiwa kwamba ukuta waweza kusafisha hewa ya mji, usicheke upesi, wala usiamini upesi.

Habari hiyo ina kweli ndani yake. Katika mwaka wa 1972 wataalamu wawili wa Kijapani, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walieleza kuwa titani dioksidi, madini yale yale yaipayo rangi ya ukuta weupe wake, yakipigwa na mwanga ufaao huweza kuyatenga maji yakawa gesi mbili. Baadaye ilijulikana kuwa moshi wa magari ukigusa ukuta uliopakwa madini hayo, na jua likiwaka, gesi za naitrojeni hugeuka chumvi, na mvua ikaiosha. Elimu hii yastahili heshima. Ugomvi wangu ni na wale waifanyao kisingizio.

Kati ya mwaka wa 2011 na 2013 rangi ya namna hiyo ilijaribiwa Brussels, Ubelgiji, katika handaki la magari lililoitwa wakati huo Leopold II. Kuta zilipakwa, taa zikawashwa mahali pa jua, hewa ikapimwa. Upungufu wa gesi, kama ulikuwapo, haukuzidi 2 katika kila 100. Sababu si fumbo. Ukuta husafisha hewa inayougusa tu, na nyingine hupita. Masizi hufunika rangi. Mwanga ukififia, kazi hufifia. Mwaka wa 2016 washauri wa serikali ya Uingereza nao walisema hapakuwa na ushahidi wa kutosha kwamba kupaka miji rangi hizo kungepunguza gesi hizo kwa kiasi kikubwa.

Pengine utanijibu kuwa haba na haba hujaza kibaba. Naam, lakini kibaba kinachovuja hakijai. Moshi hushikwa vema pale utokapo, katika bomba la gari na dohani la kiwanda, kabla haujatawanyika. Ukisha kuingia kifuani mwa mtoto aendaye shule kando ya barabara, hapana rangi iwezayo kuufuata humo.

Kesho wewe utakuwa mhandisi au diwani. Mtu atakuletea kopo la rangi na maneno matamu. Muulize kwanza amefanya nini juu ya moshi wenyewe. Wazee walituonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu atutaka tupake ukuta, na ufa tuuache wazi.