Spika inahusiana nini na giaboksi?

Nimesoma makala kuhusu waranti; mwandishi kaongelea magari, lakini huku Ilemela mengi ni mtumba wa Japani. Waranti yake iliishia hukohuko. Ugomvi wenyewe uko kwenye bajaji mpya. Kijana anaitoa dukani leo, kesho iko kwa fundi Buzuruga: spika nyuma ya kiti, taa za rangi, waya umechunwa na kuungwa kwa selotepu nyeusi. Umeme ukiungua kwa ajili hiyo, duka likikataa sibishi. Ila gia zinaruka, nawe unaambiwa “umefunga muziki, waranti imekufa”? Huo ni ujanja, tena wa mchana kweupe.

Marekani, sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 haimruhusu mtengenezaji kufuta waranti kwa sababu tu umefunga kifaa cha kampuni nyingine. Aoneshe kwamba ndicho kilicholeta tatizo. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Ushindani ya 2003, yenye vifungu vya kumlinda mlaji, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo msimamizi. Vijana wangu, mkikataliwa msigombane kaunta. Ombeni jibu la maandishi, wataje kifaa gani kimeharibu nini, lipigwe na muhuri wa duka. Hapo ndipo utasikia, “Ngoja kwanza tumuite fundi mkuu.”