Mti wa Krismasi uvikwe ushanga

Kila Desemba inapoingia, maduka ya Kariakoo hujaa mapambo ya plastiki yanayometameta: mekundu, ya rangi ya dhahabu na ya fedha, yamening'inizwa milangoni toka juu mpaka chini. Bei yake haitishi, na usiku wa kwanza yanapendeza kweli. Lakini kabla ya Mwaka Mpya yameshaanza kupukutika, sakafu nzima inameta, na Januari yanatupwa jalalani. Mwaka unaofuata familia inarudi dukani kununua yale yale.

Ushanga hautupwi. Na kwa watu wa Afrika Mashariki si pambo la kujifunza leo.

Mwingereza Richard Burton, aliyetoka pwani akafika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, aliandika kwamba biashara ya misafara ilijua aina 400 hivi za shanga, kila moja na jina lake na thamani yake. Zile nyekundu zilizoitwa samsam zilipewa majina ya kutisha. Moja lilimaanisha kimaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kutoa mlo wake ili azipate. Jingine lilikuwa kivunja mji, kwa maelezo kwamba wanawake walikuwa tayari kujifilisi wao na waume zao kwa ajili yake. Kitu kilichopendwa hivyo na mabibi wa mabibi zetu hakihitaji kuombewa nafasi kwenye tawi la msaipresi sebuleni.

Wapo wanaopinga, wakisema kwamba mti wa Krismasi ni desturi ya Wazungu, hivyo kuuvika shanga za Kimasai ni kuchanganya mambo. Hoja hiyo haisimami, na jibu lake liko kwenye shanga zenyewe. Sehemu kubwa ya shanga ndogo za kioo zinazotungwa na akina mama wa Kimasai hutoka Jamhuri ya Cheki, hasa eneo la Jablonec nad Nisou. Huko huko kaskazini mwa nchi hiyo, katika kijiji cha Poniklá, mafundi hutengeneza mapambo ya mti wa Krismasi kwa shanga za kioo. Mrija wa kioo hulainishwa kwa moto, huwekwa ndani ya kalibu ya shaba nyeupe na kupulizwa hadi ufure vipira vilivyofuatana kama zabibu. Kisha hutiwa fedha, hupakwa rangi, hukatwa kimoja kimoja na kutungwa. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kwa hiyo kioo ni cha Cheki, iwe kwa Mcheki au kwa Mmasai. Kinachoufanya ushanga uwe wa Kimasai ni mkono unaoutunga, na mpangilio wa rangi ambao mama amerithi kwa mama yake: nyeupe ya maziwa, buluu ya mbingu, kijani ya majani ya malisho, nyekundu ya damu. Hakuna kiwanda kinachouza urithi huo.

Anayetaka kuona kazi yenyewe na asimame dakika chache kwenye Soko la Wamasai pale Arusha. Mama amekaa chini, shanga ziko kwenye sahani mapajani. Hazichagui kwa vidole. Anapitisha sindano katikati ya rundo na kuiinua na shanga nne au tano kwa mara moja. Fundi mzuri hufunga kifundo kila baada ya shanga kadhaa, ili uzi ukikatika zisimwagike zote.

Kuuvika mti nako kuna namna yake. Taa hutangulia, shanga hufuata. Uzi uanzie kileleni, ulale karibu na shina pale tawi lilipo na nguvu, kisha uachwe uning'inie kidogo baina ya tawi na tawi. Ukiwekwa kwenye ncha, uzito wa kioo huinamisha tawi zima. Sikukuu ikiisha, uzi huzungushiwa kipande cha boksi na kuwekwa kabatini hadi mwaka mwingine.

Liko jambo moja la kukemewa: kupatana bei kupita kiasi. Mti wa mita 1 huhitaji uzi wa mita 10 hivi. Kwa ushanga wa milimita 3, hizo ni shanga zaidi ya 3,000, na kila moja imepita kwenye ncha ya sindano. Mnunuzi anayekata bei nusu kwa nusu, kisha anaingia duka la pili na kulipa bei iliyoandikwa bila neno, anamdhulumu mama huyu.

Kazi hiyo haikamiliki kwa siku moja. Anayetaka mti wake uvae ushanga Krismasi ijayo, amwagizie fundi mapema Novemba, na amlipe bei aliyoitaja.