Kipaji cha Mathare kinafia wapi? Kati ya kidato cha nne na klabu

Kila mwisho wa Aprili, Wamarekani hukaa mbele ya televisheni siku tatu mfululizo wakisikiliza majina yakisomwa. Si matokeo ya kura wala ya mtihani. Ni majina ya vijana wa vyuo vikuu wanaochukuliwa na timu 32 za NFL, ile ligi yao ya mpira wa kushika mkononi. Shughuli yenyewe wanaiita drafti, na si ile drafti ya vizibo vya soda tunayocheza base tukingoja kazi ya mjengo. Raundi ni 7, majina ni zaidi ya 250, na ukiitwa mapema unakuwa milionea wa dola kabla hujacheza mechi hata moja.

Kati ya hao wote, mtaani kwetu tungempenda sana mpokeaji wa pembeni. Huyu ndiye winga wa mchezo wao. Anasimama karibu na laini, mpira ukianza anachomoka, anakata kona ghafla, anageuka, na mpira unamkuta hewani huku beki akimpumulia shingoni. Ukimtazama unaona kasi na mikono. Usichoona ni daftari. Kila mbio anayopiga ilichorwa kwanza ubaoni: hatua ngapi kabla ya kukata, akate ndani au nje, abadilishe nini beki akimkaba hivi na si vile. Anakariri michoro hiyo kwa makumi, kisha uwanjani ana sekunde mbili tatu za kukumbuka. Akikosea hatua moja, mpira unaangukia mpinzani.

Ndiyo maana NFL haimchukui mtoto mbichi. Sheria yao inasema lazima iwe imepita angalau miaka mitatu tangu amalize shule ya upili. Karibu wote huipitisha hiyo miaka chuoni, wakisoma mchana, wakifanya mazoezi, na Jumamosi wakicheza mbele ya watu wengi kuliko wanaojaa Kasarani. Na hata kuingia chuoni kucheza kiwango cha juu kuna alama za darasani unazotakiwa kufikisha. Miguu peke yake haikufungulii geti.

Chukua mfano wa Puka Nacua. Alianzia Chuo Kikuu cha Washington, akahamia Brigham Young kule Utah. Mwaka 2023 jina lake lilisomwa la 177, raundi ya tano, wakati wengine walishaanza kusahauliwa. Los Angeles Rams wakamchukua. Msimu huo huo wa kwanza akadaka mipira 105 na kusonga nayo yadi 1,486, rekodi mpya kwa mchezaji mgeni kwenye ligi. Kama ingekuwa kwetu, kijana ambaye watu 176 wameitwa kabla yake angekuwa tayari ameuza viatu.

Sasa sikiza namba ambayo haisemwi sana. NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo kule, linakadiria kwamba ni takriban 1.6% tu ya wachezaji wa futiboli ya vyuo wanaovuka hadi ligi ya kulipwa. Yaani kati ya vijana 100 wanaofika mlangoni, hawaingii hata wawili. Swali langu si kuhusu hao wawili. Swali langu ni hili: wale 98 wanaenda wapi?

Wengi wao wanaenda kazini. Wanakuwa walimu, makocha, mainjinia, wauzaji wa bima. Mpira umewakataa lakini cheti kiko mkononi. Sisemi mfumo wao ni mbingu. Kwa miaka mingi vyuo vilivuna mabilioni kupitia jasho la hawa vijana, na hadi Julai 2021 mchezaji hakuruhusiwa hata kulipwa kwa kutumia jina lake mwenyewe kwenye tangazo. Wako waliovunjika magoti na wako waliosukumwa kwenye kozi za bure bure ili mradi wacheze. Lakini angalau daraja lipo, na ukianguka unaangukia mahali.

Usidhani hii ni hadithi ya watu wa mbali. Mwaka 2013 Mkenya wetu Daniel Adongo alisajiliwa na Indianapolis Colts. Alikuwa mchezaji wa raga aliyepitia Afrika Kusini na New Zealand, mwili wa chuma, na hakuwa amecheza futiboli ya Marekani hata mechi moja maishani. Desemba mwaka huo akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza katika NFL. Tulishangilia. Lakini mechi alizocheza zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, na mwaka 2015 Colts wakaachana naye. Nguvu alikuwa nazo, kasi pia. Alichokuwa anakimbizana nacho ni ile miaka ya ubao na daftari ambayo wenzake waliimaliza wakiwa na miaka 21.

Linganisha na Mathias Kiwanuka. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu, akauawa mwaka 1972 wakati wa Idi Amin. Mjukuu alizaliwa Indianapolis, mji ule ule Adongo alikokuja kuchezea. Alipitia Boston College, na mwaka 2006 New York Giants wakamwita raundi ya kwanza, namba 32. Akakaa nao misimu tisa. Ni kweli, huyu alizaliwa kule na mchezo aliujua tangu utotoni, kwa hivyo mizani haiko sawa. Lakini tofauti ya misimu tisa na mechi za kuhesabu vidole haikuletwa na misuli.

Na kabla mtu aseme chuo na michezo ni mambo ya wazungu, Wakenya wa riadha walishaivuka hiyo njia zamani. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Paul Ereng alikuwa Chuo Kikuu cha Virginia aliposhinda dhahabu ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Seoul, 1988. Wesley Korir alisoma Louisville, akashinda Boston Marathon mwaka 2012, mwaka uliofuata akawa Mbunge wa Cherang'any. Bonde la Ufa wanaijua hii barabara. Mtoto anayekimbia Iten anajua kuna kitu kinaitwa ufadhili wa masomo na kuna mtu wa kumuuliza. Huku Eastlands, muulize mtoto wa Mabatini anayepiga chenga za hatari kama amewahi kuambiwa.

Hata kwenye soka tuna mfano. Michael Olunga alikuwa akisomea uhandisi Technical University of Kenya huku akifungia Gor Mahia mabao. Baadaye mwaka 2020 akafunga 28 kwenye ligi ya Japani na kutajwa mchezaji bora. Daftari halikumpunguzia kasi.

Sasa turudi Mathare. Kitu kimoja hatujawahi kukosa ni kipaji. MYSA ilianza mwaka 1987, na hata wakati huo waliona kwamba mpira peke yake hautoshi. Timu ilipata pointi kwa kushinda, na pia kwa kufagia mtaa na kuzoa taka. Waliojitolea walisaidiwa karo ya shule. Mwaka 1994 ikazaliwa Mathare United, na mwaka 2008 vijana wa huku wakawa mabingwa wa Kenya. Dennis Oliech alipita Mathare United kabla ya Qatar na Ufaransa. Kwa hivyo ngazi ya chini ipo, na ngazi ya juu tumewahi kuiona kwa macho.

Iliyong'oka ni ngazi ya katikati. Mtoto ana ligi akiwa na miaka 12, ana ligi akiwa na 16. Halafu anamaliza kidato cha nne. Amepata alama ya D+ au C-, nyumbani wanamwangalia kama mtu mzima, na klabu kubwa haijampigia simu. Kuanzia hapo anacheza Koth Biro pale Ziwani msimu ukifika, watu wanampigia makofi, jioni anarudi kwa mkono mtupu. Asubuhi ni mjengo au boda. Akifika 22, kocha anamwambia umezeeka. Mmarekani wa umri huo huo ndio kwanza jina lake linasomwa.

Nani anamngoja huyu kijana ile miaka minne? Hakuna. Mfumo wa kuwapanga wanafunzi vyuoni unaangalia alama zako. Hakuna kisanduku cha kuandika kwamba wewe ndiye kipa bora Huruma nzima. Vipo vyuo vichache vinavyotoa ufadhili wa michezo, na wanaovifanya hivyo nawapa heko, lakini ni kama mvua ya Februari.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipolemea nyumbani. Kwa hivyo usinione kama mwalimu wa dini anayehubiri digrii. Wasee wengi ninaowajua hawana digrii na wanajenga maisha. Ninachokataa ni uongo tunaolishwa tangu utotoni, kwamba lazima uchague: ama kitabu ama mpira. Mzazi anaficha viatu, kocha anacheka vitabu, na kijana katikati anapoteza vyote viwili.

Pesa ipo. Serikali ina Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ulioanzishwa ili kodi ya kamari irudi kwa mambo hayo. Hebu fikiria inatoka wapi hiyo kodi. Inatoka kwa kijana wa Mlango Kubwa anayeweka shilingi 50 kwenye mkeka akitarajia Arsenal wasimwangushe. Yeye ndiye mchangiaji. Basi sehemu ya hiyo pesa imlipie mdogo wake karo kwenye taasisi ya kiufundi au chuo kikuu, kwa masharti mawili: ucheze na usome. Hata aliye na D ana kozi ya cheti anayoweza kuanza nayo. Si lazima iwe digrii. Fundi umeme anayecheza namba 9 bado ni namba 9, na goti likivunjika bado ni fundi umeme.

Klabu nazo zisikwepe. Ukimsajili mtoto wa miaka 18, ratiba ya mazoezi ipishe darasa. Hiyo haihitaji mfadhili wala waziri, ni kukaa chini na kupanga saa.

Na wewe unayecheza, usingoje serikali. Cheti cha kuzaliwa, matokeo ya KCSE, kitambulisho: viweke pamoja mahali mvua na moto havifiki, kwa sababu tunajua nyumba zetu. Rekodi mechi zako hata kwa simu ya beste. Akija mtu na ahadi ya kukupeleka majaribio ng'ambo na anataka ada kwanza, uliza jina la chuo au klabu, kisha uwatafute wenyewe. Atakayekasirika kwa sababu umeuliza hakuwa na safari.

Los Angeles 2028, Olimpiki itakuwa na futiboli ya bendera, ile isiyo na kuangushana. Macho yatageuka Afrika kutafuta kasi, na zitakuja kambi, picha na fulana za bure. Nendeni. Lakini mkifika, msiulize kwanza kuhusu viatu. Ulizeni: na nikikosa, mtaniacha nikiwa na nini?