Fataki Kali Haitoshi

Wako watu wengi, hata miongoni mwa waliosoma, ambao chombo kikikataa kufanya kazi hukimbilia kuongeza nguvu. Mashine ikisita hupigwa teke. Jiko lisiposhika moto humwagiwa mafuta ya taa. Msumari usipoingia hutafutwa nyundo kubwa zaidi. Desturi hiyo ya kuongeza nguvu kabla ya kupima ndiyo iliyotawala pia ubishi mrefu wa wawindaji wa Marekani juu ya magobore ya kisasa, yaani bunduki za kushindiliwa kwa mdomoni zilizoundwa upya kwa chuma bora na mitambo ya siku hizi, na sababu zinazoyafanya mara nyingine yakatae kulipuka. Ubishi huo wafaa kuangaliwa na mwalimu wa fizikia na mwalimu wa kemia, maana ndani yake mna somo zima la joto, shinikizo, msuguano na vipimo, na tena mna kosa la fikra ambalo halihusu bunduki peke yake.

Kiswahili hakina haja ya kuazima maneno mengi ili kulieleza jambo hili. Wazee wa pwani na wa bara waliijua bunduki ya gumegume na bunduki ya fataki, wakaijua baruti, risasi, marisau na mdeki wa kushindilia. Majina hayo mawili ya kwanza hayakufuata nchi zilikotoka silaha hizo wala watu waliozitengeneza. Yalifuata namna moto unavyozaliwa. Lugha ilikwisha kung'amua kwamba roho ya gobore ni njia yake ya kuwashia. Wanasiasa wa Ulaya nao walilijua hilo barabara. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipozuia uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, uliacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Mwafrika aliachiwa chombo ambacho majeshi ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kukitupa, na waliokiacha walijua vema kwa nini walikitupa.

Katika bunduki ya gumegume jiwe hulipiga bamba la chuma, na chembe ndogo mno za chuma hukwanguliwa zikiwa na joto la kutosha kuwaka hewani. Kinachoungua ni chuma, wala si jiwe, ingawa wanafunzi wengi hudhani kinyume chake. Cheche hizo huangukia baruti kidogo iliyo katika kisahani kando ya mtutu, na mwako wa baruti hiyo hupenya katika kitundu hadi kuifikia baruti kuu. Njia hii ina milango mingi ya kupotea: jiwe likichakaa, upepo ukivuma, mvua ikinyesha, kitundu kikiziba masizi, basi.

Aliyeifupisha njia hiyo alikuwa kasisi wa Uskochi, Alexander John Forsyth wa parokia ya Belhelvie, ambaye alikuwa mwindaji wa ndege na alichukizwa kuona ndege wakikimbia mara waonapo mmweko wa kisahani kabla risasi haijatoka. Alizitumia kemikali zinazolipuka kwa kupigwa, za jamaa ya zebaki fulminati ambayo Edward Charles Howard aliieleza mbele ya Royal Society ya London mwaka 1800. Forsyth alifanya majaribio yake katika Mnara wa London, akafukuzwa humo baada ya mkuu aliyemuunga mkono kuondoka madarakani, kisha akapata hataza yake mwaka 1807. Mtambo wake ulikuwa na kichupa kidogo kilichofanana na kichupa cha manukato. Kila kilipogeuzwa kiliacha chembe chache za dawa mahali pa kupigwa. Ulikuwa mtambo wa werevu mkubwa, lakini dawa iliyotawanyika ni hatari, na kichupa kilihitaji usawa mkubwa wa kazi ya mkono. Ufumbuzi uliodumu ulikuja baadaye kidogo, wakati dawa ilipofungwa ndani ya kikofia cha shaba, kila pigo na kikofia chake, na kikofia hicho kikavishwa juu ya kichuchu cha chuma chenye tundu. Hicho ndicho kilichoitwa fataki. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba dawa ilikuwapo tangu 1800. Kilichokosekana kwa miaka kadhaa kilikuwa mahali pa kuikalisha.

Mwaka 1834 huko Woolwich, Uingereza, zilijaribiwa bunduki 6 za gumegume na 6 za fataki, katika hali zote za hewa, kila kundi likipiga mara 6,000. Za gumegume zilikataa mara 922, na za fataki mara 36. Mwanafunzi akigawanya ataona kwamba ya kwanza ilikataa zaidi ya mara 15 katika kila 100, na ya pili haikufikia hata mara moja katika 100. Miaka 7 baadaye tofauti hiyo ya tarakimu iligeuka kuwa damu. Mei 1841, karibu na mji wa Canton nchini China, kikosi cha askari wa Kihindi wa jeshi la Uingereza kilizingirwa katika mvua kubwa, na bunduki zao za gumegume hazikutoa hata mlio. Waliwaokoa askari wa majini waliokuwa na bunduki za fataki. Wenyeji waliokuwa wakiilinda nchi yao nao walikuwa wamejua kuitumia mvua hiyo. Habari hii hustahili kusimuliwa kwa pande zote mbili.

Tuyaache ya kale. Gobore la kisasa lilianza kuenea Marekani baada ya mwaka 1985, lilipotolewa gobore ambalo fataki yake hukaa nyuma kabisa ya mtutu, katika mstari mmoja na baruti, badala ya kukaa ubavuni. Moto haukunji tena kona. Huenda moja kwa moja. Muda si muda watengenezaji waliiacha fataki ndogo ya kikofia, wakachukua fataki ya bunduki ya marisau, ile ijulikanayo kwa namba 209, ambayo moto wake ni mkali mara nyingi zaidi. Sababu ilikuwapo. Baruti nyeusi ya zamani huhesabiwa kisheria kuwa kilipukaji, hivyo kuihifadhi na kuisafirisha ni taabu. Kwa ajili hiyo zilibuniwa baruti za badala, na nyingi kati ya hizo huhitaji joto kubwa zaidi ili ziwake. Moto mkali ukawa dawa ya kila ugonjwa. Gobore likikataa, fataki ilaumiwe. Fataki ikilaumiwa, itafutwe iliyo kali zaidi.

Fikra hiyo ina kasoro, na kasoro yake huonekana mtu akikitazama kile kinachotendeka katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Ndani ya fataki mna dawa iliyolala kati ya kikombe chembamba cha metali na kipande kigumu kiitwacho fuawe. Pini ya bunduki hukibonyeza kikombe, dawa ikasagwa juu ya fuawe, ikawaka. Lakini dawa husagika iwapo tu fataki yenyewe haina pa kukimbilia. Kama kitako chake kimechongwa kwa kina kikubwa kupita kiasi, hata kwa sehemu ya kumi chache za milimita, pini huisukuma fataki mbele kabla ya kuibonyeza. Nishati iliyokusudiwa kuwasha dawa huishia katika kuisogeza fataki. Mwindaji huiona alama hafifu ya pini, huilaani fataki, naye hununua nyingine kali zaidi ambayo itasukumwa mbele vivyo hivyo.

Hata fataki hiyo ikiwaka, ulegevu una madhara yake. Moto hupita katika tundu jembamba la kizibo kilichofunga nyuma ya mtutu, lenye upana wa takriban robo tatu ya milimita. Gesi haichagui njia kwa adabu; hufuata penye upinzani mdogo. Pakiwa na uwazi pembeni mwa fataki, sehemu ya gesi hurudi nyuma, na baruti kuu ikisha kuwaka shinikizo lake nalo hurudi kwa mlango uleule. Masizi hujaa katika komeo, pini huanza kusita, na mlipuko wa kumi na tano huwa dhaifu kuliko wa kwanza ingawa fataki ni zilezile. Tundu lenyewe nalo hulika kwa moto na kupanuka kidogo kidogo, likizidi kuruhusu shinikizo kurudi. Kwa upande mwingine, kitako kikibana mno komeo halifungi sawasawa, au fataki hubonyezwa kabla ya wakati wake, nalo hilo si jambo la mzaha. Tena fataki za viwanda mbalimbali, ijapokuwa zote hubeba namba 209, hazilingani kabisa kwa urefu wala kwa unene wa ukingo. Ndiyo maana baadhi ya wapigaji makini huweka kipete chembamba cha mpira, au hubadilisha kizibo kwa kingine kinachorekebishika, kisha huipima kila aina ya fataki kwa mikromita kabla ya kuikubali. Hao ndio wenye haki katika ubishi huu.

Ushahidi wa kupendeza kuliko wote umetoka kwa watengenezaji wa fataki wenyewe. Katika magobore ya namna hii, mbele ya mahali baruti ilipokaa, hujengeka pete ya ukoko mgumu unaokataza risasi ya pili kushindiliwa hadi mahali pake, na fataki kali pamoja na baruti fulani za badala huuzidisha ukoko huo. Basi zikauzwa fataki za umbo lile lile la 209 lakini zenye moto uliopunguzwa, mahsusi kwa magobore. Safari iliyoanza kwa kutafuta ukali ikaishia kwa kuulipia upungufu!

Wapo watakaopinga, na pingamizi lao si la kupuuzwa. Watasema kwamba baruti nyingine za badala haziwaki hata kidogo kwa fataki dhaifu, na kwamba katika baridi ya Novemba ya majimbo ya kaskazini kila kalori ina thamani. Hayo ni kweli. Hakuna kipimo kitakachoifanya baruti iwake chini ya joto lake la kuwakia. Lakini joto la kutosha ni sharti mojawapo tu, nalo ni sharti ambalo fataki za 209 hulitimiza kwa ziada. Mtu aliyekwisha kuwa na ziada hawezi kudai kwamba kinachompungukia ni hicho hicho. Unyevu ulioganda ndani ya mtutu baada ya bunduki kutolewa baridini na kuingizwa katika nyumba yenye joto, mafuta ya kulainishia yaliyoachwa katika tundu, masizi ya jana ambayo yana potasiamu kaboneti na hunyonya maji ya hewani: vyote hivi huondolewa kwa kitambaa, kwa subira na kwa jicho. Wala isisahauliwe kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki kuwa vitu vigumu baada ya kuungua. Chombo kinachojichafua kiasi hicho kila kitumikapo hakiwezi kusamehe uvivu wa kupima.

Yaliyomo hatarini ni zaidi ya swala aliyekimbia. Gobore lililokataa laweza kuwa limekataa kweli, au laweza kuwa limechelewa: cheche imelala mahali, na mlipuko unakuja. Kwa hiyo mafunzo yote ya wawindaji huamuru mdomo wa bunduki ubaki umeelekezwa mahali salama kwa muda usiopungua dakika nzima, na mtu asichungulie wala asifungue kitu. Anayeamini kwamba fataki kali haiwezi kukosea huona dakika hiyo ni ndefu mno. Hapa Tanzania hatari ni kubwa zaidi katika magobore yanayoundwa kwa siri kwa mabomba ambayo hayakukusudiwa kubeba shinikizo, ambamo kitako cha fataki huchongwa kwa tupa na kukadiriwa kwa macho. Sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 ina sababu zake; fizikia nayo ina zake, na haihitaji polisi ili itoe hukumu yake. Mwanafunzi yeyote asithubutu kuijaribu habari hii kwa baruti, kwa fataki wala kwa vichwa vya viberiti.

Somo lake laweza kufundishwa bila moto. Shule yenye mikromita moja na karakana ndogo yaweza kutoboa kipande cha mbao ngumu matundu kumi ya upana mmoja na vina vinavyopishana kidogo, kila tundu likatiwa kipande cha plastisini chini na ribiti moja juu yake. Uzito mdogo uangushwe juu ya kila ribiti kutoka kimo kilekile, kisha wanafunzi wapime ni kiasi gani plastisini imebonyea. Palipo na nafasi tupu chini ya ribiti, alama itakuwa hafifu. Ndipo mwalimu auongeze uzito maradufu, awaulize kama kasoro imeondoka au imefichwa, na awaachie muda wa kubishana kabla ya kengele kulia.